Ngozi ao Skai?



Jaketi moja ilikaa juu ya meza yangu siku tisa, na siku hizo zote vijana wawili wa korali yetu hawakupeana mkono. Mmoja anachimba zahabu upande wa Salamabila. Mwingine anauza mitumba. Anafuata balo Bukavu, inapita Uvira na Lulimba mpaka inafika kwetu na matope yake. Mchimbaji alinunua jaketi hiyo kwa dola 120: dola 70 mkononi, 50 deni. Aliambiwa ni ngozi ya farasi, tena ya zamani, ya rubani wa Marekani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mvua ya kwanza, hakuna neno. Mvua ya tatu, bega likaanza kubambuka vipande-vipande. Na zile dola 70, nilikuja kujua nyuma, zilikuwa minerval ya dada yake.

Basi wakaniletea. «Baba Pasteri, utukatie shauri hili.»

Mimi si fundi wa ngozi. Lakini nilipokuwa kwenye shule ya Biblia nilinunua viatu vya «ngozi» kwa pesa niliyokusanya miezi miwili, vikafunguka mdomo kabla ya mtihani. Tangu siku ile ninauliza na kusoma juu ya mambo hayo, labda kupita inavyompasa mchungaji. Kwa hiyo niruhusuni niwaeleze nilivyoiangalia jaketi ile, maana ninajua iko wengine kama hiyo ndani ya nyumba zenu.

Kwanza, kwa nini farasi? Hapa Kabambare ni nani amekwisha kuona farasi? Neno hilo limetoka mbali. Katika mwaka 1931 jeshi la anga la Marekani lilichagua jaketi ya marubani iliyoitwa A-2, na masharti yake yalitaka ngozi ya farasi. Wakati ule farasi wa kazi walikuwa bado wengi kule mashambani na mijini, na ngozi yao ni ngumu, upepo haupenyi kwa urahisi. Nyuma, trakta na lori zikachukua kazi ya farasi, ngozi yao ikawa haba. Katika 1943 jeshi likaacha kuagiza A-2 mpya. Fanya hesabu, kijana: A-2 ya kweli ya vita leo ina miaka zaidi ya 80. Wenye kuikusanya kule Ulaya na Marekani wanaitafuta kwa taa. Itafanya nini chini ya balo ya Kabambare, kati ya suruali za watoto?

Iko na nakala. Kule Japani na kule Scotland iko mafundi wanaotengeneza jaketi za namna ya zamani, wanafuata patroni ya zamani mpaka zipu na uzi wa kushonea. Bei yake inaweza kupita dola 1,000. Lakini angalieni: wanaandika jina lao wenyewe ndani ya kola. Ni nakala, na mwenye kuiuza anasema ni nakala. Hakuna mtu aliyedanganywa pale.

Nimesema patroni. Katika Kiswahili chetu patroni ni tajiri wa kazi, na tena ni ile karatasi ya fundi ya kukatia nguo. Hapa ninasema ya fundi. Jaketi inaweza kukuambia ukweli wake kabla hujagusa ngozi, kwa ginsi ilivyokatwa tu. A-2 ni fupi, inaishia kiunoni, maana rubani anakaa kitini. Mikononi na kiunoni iko sufi iliyofumwa ya kuzuia upepo. Mgongo wake ni kipande kimoja kizima. Mbele iko mifuko miwili yenye vifuniko, na hakuna nafasi ya kutia mikono ubavuni. Jaketi ya waendesha pikipiki ni ndugu mwingine: ile ya Schott ya New York inayoitwa Perfecto, iliyoanza 1928, zipu yake inakatiza kifua kwa mshazari. Ndiyo namna ile Marlon Brando alivaa kwenye sinema ya mwaka 1953, na tangu hapo vijana wa dunia nzima hawajatulia.

Sasa ile ya mezani kwangu ilikuwa na mgongo wa vipande vinne. Ubavuni iko mifuko ya kutia mikono. Rubani wa 1942 hakuivaa hata siku moja.

Tukaja kwa ngozi yenyewe. Nilimwomba mama watoto sindano, nikafungua mshono kidogo ndani ya mfuko, mahali ambapo hapaonekani. Fanyeni hivyo, ao mukikataliwa kufungua, angalieni ukingo mahali popote palipokatwa. Ngozi ya mnyama ikikatwa inaonyesha nyuzi-nyuzi zilizosongamana, na upande wake wa nyuma una vinyweleo laini. Ikiwa ililainishwa kwa maganda ya miti, ukingo mara nyingi ni wa kahawia. Ikiwa kwa chumvi za kromu, unaelekea kijivu ao kibuluu, kama rangi haikuingia mpaka ndani. Skai ni kitu kingine kabisa. Upande wa nyuma utaona kitambaa, kama bandeji ya dispanseri, na juu yake plastiki imepakwa tu.

Angalieni na viwiko. Ngozi nyeusi ikisuguliwa miaka mingi huenda ikaonyesha kahawia kwa chini. Iko hata viwanda vinavyotia kahawia chini ya nyeusi kwa kusudi, jaketi ipate uso wa uzee haraka. Skai ikisuguliwa inaonyesha kitambaa cheupe. Vitundu vya ngozi ya kweli havilingani, na mara nyingine utaona kovu la mwiba ao la kupe. Vya skai vinarudia-rudia kwa mpango kama kitambaa cha meza. Ukikuta ndani herufi PU, hiyo ni poliuretani, ni plastiki. Harufu musiitegemee sana, inaweza kupulizwa. Na tafadhali, musichome jaketi ya mtu kwa kiberiti. Nimeona sokoni Kasongo mtu akitoboa mali isiyo yake kwa kutafuta ukweli.

Ya mezani ilikuwa skai. Kitambaa cheupe, wazi.

Lakini hapa niliona neno lililomsaidia muuzaji kidogo. Poliuretani ya namna hiyo, maji na joto vinaivunja polepole, hata kama nguo imetundikwa kabatini kule Ulaya na hakuna anayeivaa. Siku ya kufungua balo inaweza kuonekana nzima, inang'aa. Halafu inakutana na mvua na joto la Maniema, inakwisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuuza kitu kilichooza bila kujua.

(Na sisi tunacheka ngozi ya watu! Jeshi la maji la Marekani lilichagua ngozi ya mbuzi kwa jaketi za marubani wake, maana ni nyepesi na ngumu. Mbuzi sisi tuko naye. Tunambabua manyoya, tunamla pamoja na ngozi yake, na ile inayobaki tunawambia ngoma.)

Mbuzi wananikumbusha Isaka. Katika Mwanzo 27 mzee yule haoni tena, anataka kujua aliye mbele yake ni mtoto gani. Anapapasa mikono, anakuta manyoya: ni ngozi ya mbuzi aliyofungiwa Yakobo na mama yake. Ananusa nguo, harufu ni ya Esau. Alifanya majaribio yote tunayofanya sisi sokoni. Sikio lake peke yake lilimwambia ukweli, na hakulifuata. Wagibeoni vilevile, katika Yoshua 9, walitafuta viatu vikuukuu vyenye viraka na viriba vilivyopasuka ili waonekane wametoka mbali. Viatu vile vilikuwa vikuukuu kweli. Safari ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Kwa hiyo niliweka sindano chini, nikamwuliza muuzaji neno moja tu.

«Mtoto wangu, farasi ulimtoa wapi?»

Akanyamaza. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Halafu kijana akasema: «Baba Pasteri, kule Bukavu waliniambia ni ngozi, nami niliamini. Lakini farasi na rubani, ni mimi niliongeza. Niliona picha kwenye telefone. Niliona yeye anaitamani sana.»

Naye mnunuzi hakutoka bila neno. Nilimwuliza kama dada yake alikubali minerval igeuke jaketi. Akaangalia miguu yake. Musinielewe vibaya, mimi sikatazi vijana kuvaa vizuri. Wakati wa Mobutu baba zetu walikatazwa kravati, wakavaa abakosti mpaka ruhusa ilipotoka 1990, na walipendeza vilevile. Mtu anayeshinda ndani ya shimo mchana kutwa anataka Jumapili aonekane mtu, hilo ninalifahamu. Lakini pesa ile ilikuwa na jina la mtu mwingine juu yake.

Wazee tukakaa. Deni la dola 50 likafutwa lote. Katika zile 70 muuzaji akarudisha 50, kwa mara mbili, nazo zikapelekwa shuleni na mama yao, si na kaka. Dola 20 zikabaki hasara ya mnunuzi. Wengine walisema tulimwonea mmoja, wengine wakasema tulimwonea yule mwingine.

Kesho yake muuzaji alirudi na jaketi sita zilizobaki za balo ile. Tuliketi chini ya mwembe, tukafungua ukingo moja-moja. Mbili zilikuwa ngozi ya kweli, moja ya ng'ombe, nzito, na nyingine nafikiri ya kondoo, laini, inapasuka upesi. Nilimwambia asizipake mafuta ya ngazi kama vijana wanavyofanya, yataoza na kuita mende. Azikaushe kivulini, mbali na moto. Kwa zile nne akakata karatasi, akaandika SKAI kwa kalamu nyekundu, akazibandika kifuani. Aliogopa hazitanunuliwa. Wamotari walizichukua zote siku ya soko, dola 10 kila moja. Wao wanatafuta kitu cha kuzuia upepo wa asubuhi, farasi si shauri lao.

Na ile ya mezani? Zipu yake ilikuwa nzima, ya chuma, nzuri kabisa. Fundi aliitoa, akaishona kwenye mfuko wangu wa Biblia. Nililipa franga 3,000, kwa mwenye jaketi.