Mlango ukifunguliwa, mashini inyamaze



Niliahidi kwamba juma hili tutazungumza juu ya madaftari ya watoto. Naomba radhi, madaftari yatangoja. Kuna jambo lililotokea Jumamosi nyumbani kwa kaka yangu, na nisipowaambia, roho yangu haitatulia.

Sisi wa Bukavu tunaijua mvua. Kuanzia Septemba mpaka Mei, nguo zinaweza kukaa siku tatu kwenye kamba na bado mishono ina ubichi. Mwenye mtoto mchanga anaijua taabu hiyo kupita wote. Ndiyo sababu wifi yangu alijibana mwaka mzima, akanunua mashini ya kukausha nguo, ya okazio, iliyotoka Ulaya. Siku umeme ukiwepo, wamama wa avenyu wanamletea nguo za watoto, naye anapata franga kidogo za kulipia umeme na kununua chumvi.

Mwezi uliopita mashini ilikataa kuwaka. Fundi akaitwa. Alifungua visi, akafanya kazi dakika kumi tu, na mashini ikazunguka. Akapewa dola 5, na sisi wote tukamsifu.

Jumamosi nilikuwa pale, nakunja nguo pamoja na wifi. Mashini ilikuwa inafanya kazi. Mtoto wao wa miaka mitatu akaenda kuufungua mlango wake, anatafuta gari lake la kuchezea ambalo alidhani limefuliwa pamoja na suruali. Mlango ulifunguka, lakini pipa la ndani halikusimama. Liliendelea kuzunguka, likashika mkono wa triko lake na kumvuta. Mama yake alipiga kelele akamkamata kiunoni, mimi nikachomoa fishi ukutani. Tunamshukuru Mungu: triko limechanika, na mkono ulibaki na alama nyekundu tu. Lakini usiku ule nilikuwa nikifumba macho naliona lile pipa.

Jumatatu tulimwita fundi mwingine, baba wa makamo. Akafungua, akatuonyesha. Swichi ya mlango ilikuwa imekufa. Fundi wa kwanza hakuibadilisha. Alikata waya zake mbili, akaziunganisha na kuzifunga kwa utepe mweusi. Kwa hiyo mashini ilikuwa inadanganywa kwamba mlango umefungwa saa zote.

Swichi hiyo ina kazi gani?

Darasani nawaambia wanafunzi: umeme ni kama watu wanaovuka mto. Daraja likiwepo, wanapita. Likiondolewa, wanasimama. Swichi ya mlango ni daraja hilo. Ni kitu kidogo cha plastiki, karibu na tundu la mlango, na mlangoni kuna kiulimi. Ukifunga, kiulimi kinaisukuma swichi, daraja linakaa mahali pake, umeme unafika kwenye mota. Ukifungua, resori ndogo inarudisha swichi nyuma, na mota inazimika.

Swichi haikuwekwa ili kutusumbua. Iliwekwa kwa ajili ya mikono ya watoto, na ya kwetu pia.

Mashini ikikataa kuwaka, fuata utaratibu huu

1. Anza na prizi. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye prizi hiyo hiyo. Isipowaka, tatizo liko kwenye prizi au kwenye disjonteri, mashini haina kosa.

2. Sikiliza. Ukibonyeza kitufe cha kuanzisha na mashini inaguna bila kuzunguka, mara nyingi swichi ya mlango haina kosa, maana umeme umefika kwenye mota. Pengine umeme ni dhaifu, kama tunavyoona jioni watu wote wakipika, au mkanda wa kuzungusha pipa umekatika. Zima haraka, mota isiungue. Lakini mashini ikinyamaza kabisa, mlango uanze kushukiwa.

3. Chomoa fishi, kisha tazama mlango. Je, soksi imebanwa pembeni? Vumbi la pamba limejaa kwenye tundu la swichi? Kiulimi cha mlango kimevunjika au kimepinda? Pangusa kwa kitambaa kikavu, ufunge tena mpaka mlango ukae vizuri. Mara nyingine ugonjwa unaishia hapo, na hujatoa hata franga moja.

4. Fishi ikiwa bado nje, sukuma swichi polepole kwa mpini wa mwiko. Kwa kawaida utasikia mlio mdogo, “tki”, na ukiachia itarudi yenyewe. Isiporudi, au ikiwa laini kama ufizi wa mtoto, imekufa. Lakini ikilia, usiseme bado ni nzima: vyuma vyake vya ndani vinaweza kuwa vimeungua. Katika mashini nyingine swichi imefichwa ndani. Hiyo mwachie fundi.

5. Kazi ya mama inaishia hapa. Kufungua visi ni kazi ya fundi, maana mashini nyingine zina kondensateri ndani, inayoweza kubaki na umeme hata fishi ikiwa imechomolewa.

Fundi akija, usiende jikoni

Kaa pale. Hujaja kumsumbua, umekuja kujifunza. Mwombe apime swichi kwa testa, fishi ikiwa nje na waya zimetolewa kwenye swichi. Kwenye miguu inayopeleka umeme kwa mota, swichi ikisukumwa, testa inapaswa kuonyesha kwamba njia ipo. Ikiachiwa, njia ikatike. Kama swichi ina miguu mitatu, huenda mmoja ni wa taa ya ndani, na huo unaweza kufanya kinyume. Basi apige picha ya waya kwa simu kabla ya kuzitoa, kila moja irudi kwake.

Akisema swichi imekufa, chukua ile ya zamani mkononi ukaitafutie mwenzake mwenye namba zile zile. Wauzaji wa okazio wana mashini zilizokufa mota lakini swichi zake ni nzima. Hiyo nayo ipimwe kabla hujalipa.

Na akikwambia, “Mama, swichi haipatikani, acha nikuunganishie tu,” jibu ni hapana. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie. Najua ni vigumu. Nguo zimerundikana, mvua inanyesha, pengine fundi ni mtoto wa jirani au mnasali pamoja. Wifi yangu alilia akiniambia: “Ningejua, ningekataa.” Simlaumu, na mimi pia nilimsifu fundi yule. Hakuna aliyetufundisha kuuliza. Sasa tunajua.

Wifi amechomoa fishi na kuifunga kwa kamba juu, mtoto asiifikie. Swichi bado tunaitafuta. Nguo zimerudi kwenye kamba chini ya baraza, na tunapiga pasi mishono mpaka ikauke kabisa. Ni kazi, lakini usiku tunalala.

Jaribio la mlango

Hata kama mashini yako haijawahi kuharibika, fanya jaribio hili juma hili, zaidi sana kama uliinunua okazio. Watoto wakiwa mbali, iwashe ikiwa tupu. Simama pembeni, ufungue mlango bila kuingiza mkono. Pipa linapaswa kusimama mara moja, au baada ya mzunguko mdogo wa mwisho. Kisha funga mlango. Kwa kawaida mashini haianzi yenyewe, inangoja ubonyeze kitufe tena. Kama pipa linaendelea mlango ukiwa wazi, chomoa fishi leo. Usiseme “nimalizie hizi tu”.

Na hata swichi ikiwa nzima, tufuate haya matatu: tuchungulie ndani kabla ya kufunga mlango, tuchomoe fishi kazi ikiisha, na tuwafundishe watoto kwamba mashini si nyumba ya kujificha. Swichi ni msaidizi, haiwezi kuwa yaya.

Ya kuzungumza kikundini

Katika vikundi vyenu, ulizaneni: nyumbani kwetu kuna kitu gani kingine “kilichounganishwa tu” ili kifanye kazi? Pasi yenye waya wazi? Prizi iliyofungwa kwa utepe? Na ni nani kati yetu anayemjua fundi anayekubali kuulizwa maswali? Leteni majina mkutanoni, tuwajue na kuwapa kazi.

Juma lijalo, madaftari ya watoto bila kukosa.

Mwalimu wenu