Kabla Hujaprinti Chopin ya Bure, Soma Hii

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wote baada ya ile vidio yangu ya etudi ya Chopin, Op. 10 Namba 12: "Msee, hizo noti ulitoa wapi? Nitumie PDF."

Sitatuma. Na kabla uniite mchoyo, ngoja nikuambie kilichonipata.

Miaka miwili iliyopita niliacha chuo. Nilikuwa nasoma takwimu, muhula wa nne, karo ikakwama, na kusema ukweli hata moyo ulikuwa umeshatoka. Nilibaki na kibodi ya mtumba ya vibonye 88, bando ya intaneti na kichwa ngumu. Nikajiambia nitajifunza etudi za Chopin mwenyewe. Nikatafuta, nikachukua PDF ya kwanza iliyotokea, nikaenda saiba. Kurasa 46, shilingi kumi kila moja. Soo nne na sitini. Manze, nilijiona mjanja, nimewapiga chenga wale wote wanaonunua vitabu vya ngiri kadhaa.

Hiyo Namba 12 niliipiga miezi minne. Kama huijui, mkono wa kushoto hukimbia karibu mwanzo hadi mwisho, haupumui, kama matatu inayokimbizana na watu wa jioni. Nilianza polepole kabisa, nikapandisha kasi kidogo kidogo, hadi siku moja nikaona niko fiti. Nikaenda kuijaribu kwa piano ya kanisa.

Mwalimu wa kwaya alikuwa hapo anapanga vitabu vya nyimbo. Ni mzee amestaafu ualimu, hana maneno mengi. Alisikiza hadi mwisho, halafu akasema, "Kijana wangu, rudia ule ukurasa wa pili."

Nikarudia.

"Tena, polepole."

Nikarudia.

"Hiyo noti ya mkono wa kushoto, ni wewe ama ni kitabu?"

"Ni kitabu, Mwalimu. Imeandikwa hivyo."

"Kitabu cha nani?"

Nikaangalia ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na jina la Chopin, basi. Hakuna mhariri, hakuna mchapishaji, hakuna mwaka. Mtu fulani mahali fulani alizichapa hizo noti kwa kompyuta yake, akazipandisha mtandaoni, akaenda kulala. Jumapili iliyofuata Mwalimu alinibebea kitabu chake cha zamani tukalinganisha. Alama moja ndogo, ile inayofuta flati, ilikuwa imesahaulika. Alama moja tu! Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeikariri noti mbaya mara mia kadhaa. Kuitoa kulinichukua wiki tatu, na hadi leo nikiwa na wasiwasi bado inataka kurudi.

Sasa mtu anaweza kusema, "Si ungeisikia tu?" Ningeisikiaje? Nilikuwa nimeijua hiyo kazi kupitia karatasi hiyo. Kwa kasi hiyo, na spika za simu, sikushuku kitu. Msee aliye na mwalimu kila wiki anaweza kutumia kitabu kibovu akaokolewa. Sisi tunaojifunza keja tukiwa peke yetu, kitabu ndicho mwalimu. Na hakuna mtu huajiri mwalimu bila kuuliza jina.

Hapo ndipo naona mjadala wa matoleo unakosewa. Upande mmoja kuna wale wa "noti ni noti, chukua yoyote." Upande mwingine kuna wale wa "kama hauna Henle, wewe si mpiga piano." Wote wananikera.

Tuanze na hao wa kwanza. Noti si noti tu, na kwa Chopin hata zaidi. Etudi za Op. 10 zilitoka 1833, za Op. 25 zikatoka 1837, kumi na mbili kila upande. Siku hizo haki ya mwandishi ilikuwa haivuki mpaka, kwa hivyo Chopin alikuwa anauza kazi moja kwa wachapishaji wa Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, itoke karibu wakati mmoja, ndio asiibiwe. Na kwa sababu hakukuwa na mashine ya kunakili, nakala ziliandikwa kwa mkono, na yeye mwenyewe alikuwa habanduki kwa kubadilisha vitu. Anarekebisha huku, anasahau kule. Halafu akifundisha, anachukua penseli na kuandika mabadiliko mengine kwa kitabu cha mwanafunzi. Baadhi ya vitabu hivyo vya wanafunzi vipo hadi leo.

Kwa hivyo ukiuliza "Chopin aliandika nini hapa?", mara nyingine jibu ni mbili ama tatu. Mfano mzuri ni Op. 10 Namba 3, ile tamu ya polepole ambayo kila mtu huijua hata kama hajui anaijua. Kwa maandishi yake ya mkono aliweka kwanza kasi ya haraka, Vivace. Ilipochapishwa ikawa Lento ma non troppo, yaani polepole lakini usizidishe. Mtu mmoja, kazi moja, maagizo mawili tofauti kabisa. Lazima kuwe na mtu wa kukaa chini, kulinganisha hizo nakala zote na kukuambia alichagua gani na kwa nini. Huyo mtu anaitwa mhariri, na jina lake ndilo halikuwa kwa zile karatasi zangu 46.

Sasa hao wa pili, wa kusema lazima ununue. Buda, kitabu kikiagizwa kutoka nje, ukiongeza usafiri na ushuru, kinaweza kula bajeti ya chakula ya mwezi wa mtu kama mimi. Kumwambia kijana anayefundisha watoto wa jirani piano ati bila hicho kitabu hayuko makini, hiyo ni dharau tu. Na si kweli. Chopin alifariki 1849. Muziki wake ni mali ya kila mtu, na kuna matoleo ya zamani mazuri ambayo ni halali kabisa kuchukua bure. Kile kilicho na mwenyewe ni kazi ya wahariri wa siku hizi. Kwa hivyo zile skani za vitabu vipya zinazozunguka kwa magrupu, mimi pia nimewahi kuzifungua, sitajifanya malaika. Lakini nilipoanza kuuza vidio zangu za mafunzo na mtu akaziiba, nilielewa ghafla.

Basi haya ndiyo maoni yangu kuhusu matoleo yenyewe.

La bure ambalo ningekupa kwanza ni la Karol Mikuli. Huyu alifundishwa na Chopin mwenyewe kule Paris, na toleo lake lilitoka karibu 1880. Linapatikana IMSLP, ile maktaba ya noti ya mtandaoni iliyoanza 2006, ambayo uzuri wake ni kwamba kila skani huonyeshwa mhariri, mchapishaji na mwaka inapojulikana. Shida ya Mikuli ni moja: namba za vidole za Chopin na zake mwenyewe zimechanganywa, hujui ni ipi ya nani. Bado, ukiwa na soo nne za kuprinti, printi hiyo.

La pili ni la Alfred Cortot, mpiga piano wa Ufaransa. Toleo lake la Op. 10 lilitoka 1915. Yeye huchukua kila etudi, anatafuta mahali inapouma, kisha anakuandikia mazoezi madogo madogo ya kukufikisha hapo. Kwa mtu asiye na mwalimu hiyo ni dhahabu. Lakini usiichukulie kama neno la Chopin. Ni Cortot anakufundisha njia ya Cortot. Na mazoezi yake ni mengi, ukiyafanya yote utazeeka kabla hujaanza etudi yenyewe. Chagua mawili matatu. Mkono ukianza kuuma, acha. Kuuma si dalili ya bidii.

La tatu ni la Paderewski, vile vitabu vya Poland vilivyoanza kutoka 1949, ingawa Paderewski mwenyewe alikuwa ameshafariki 1941. Kwa miaka mingi watu walikitegemea sana. Maelezo ya nyuma yanasaidia. Lawama kubwa ni kwamba wahariri walichukua kidogo kwa nakala hii, kidogo kwa ile, wakapika kitu ambacho Chopin hakuwahi kukiandika chote mahali pamoja. Ukikipata kwa bei poa, chukua. Jua tu hilo.

La nne ni Henle wa Ujerumani, zile jalada za buluu-kijivu zenye neno Urtext. Urtext maana yake ni maandishi ya asili, yaani mhariri anajaribu kukupa alichoandika mtunzi bila kumwaga viungo vyake juu. Karatasi nzuri, herufi safi, kitabu hulala wazi kwa piano bila kujifunga. Sina ubaya nacho. Ninachokataa ni kuigeuza hiyo jalada kuwa kitambulisho cha tabaka.

Na la tano, ambalo nikipewa moja tu maishani ningechukua, ni Toleo la Taifa la Poland la Jan Ekier. Mzee huyo aliipa hiyo kazi ya Chopin nusu karne. Sababu yangu ni ndogo na ya vitendo: namba za vidole za Chopin zimeandikwa zikiwa wima, na za mhariri zimelazwa. Kwa jicho moja unajua nani anakuambia nini.

Unaweza kuuliza kwa nini nashikilia hizo namba hivyo. Fungua Op. 10 Namba 2. Mkono wa kulia unapanda na kushuka nusu-toni kwa kutumia vidole vya tatu, nne na tano, vile dhaifu, vikipandana mgongoni, huku vidole viwili vya kwanza vikigusa kodi chini. Chopin mwenyewe aliandika namba karibu juu ya kila noti. Hizo namba ndizo etudi! Ukizitoa, mtu atapiga na vidole vyenye nguvu, isikike sawa, na awe hajajifunza kitu. Zile karatasi zangu za saiba hazikuwa na namba hata moja kwa hiyo kazi yote. Ilikuwa kama kupewa dawa bila maagizo ya kumeza.

Kwa hivyo hii ndiyo njia yangu sai, na haikugharimu ngiri hata moja. Kabla ya kuprinti, natafuta jina la mhariri, mchapishaji na mwaka. Vikikosekana vyote, nafunga. Kisha naenda moja kwa moja kwa Op. 10 Namba 2 kuangalia kama namba za vidole zipo. Kisha nachukua ukurasa mmoja wa kazi ninayotaka na kuulinganisha na toleo lingine, noti kwa noti, kabla kidole hakijagusa kibonye. Hiyo ni dakika ishirini. Mimi niliokoa hizo dakika ishirini nikalipa na wiki tatu. Mahali matoleo yanatofautiana, naweka alama ya kuuliza kwa penseli, nasikiza rekodi mbili tatu, kisha nachagua. Penseli, si kalamu, juu hata Chopin alikuwa anabadilisha mawazo.

Najua kuna mtu atasema ningetafuta tu mwalimu mzuri, hayo yote yangeisha. Ni kweli, na kama unaweza kulipa, lipa. Lakini watu wengi wanaosoma hapa hawawezi, na kuwaambia wasubiri hadi waweze ni kuwaambia waache. Mimi nilishaacha kitu kimoja. Sikutaka kuacha cha pili.

Mwezi uliopita nilimpigia Mwalimu ile Namba 12 tena, kwa piano ile ile. Alisikiza hadi mwisho, akanyamaza. Nikamuuliza, "Mwalimu, ile noti?"

"Noti iko sawa," akasema. "Sasa makosa yaliyobaki ni yako."

Nilicheka njia yote hadi stage. Ni makosa mengi, wasee, lakini angalau ni yangu na naweza kuyarekebisha.

Kwa hivyo badala ya kuniomba PDF, chukua hicho kitabu kilicho mbele yako sai, fungua ukurasa wa kwanza, uniandikie hapa chini: kimehaririwa na nani? Kama jina halipo, unajua la kufanya.