Dosie ya mfanyakazi isikae ndani ya masini moja

Kila mtu aliyeshuka chini ya ardhi, iwe Kipushi, iwe Kamoto, anajua jambo hili: mgodi wenye njia moja tu ya kutokea ni kaburi. Juu ya hiyo mafundi wanatoboa njia ya pili, hata kama miaka inapita bila mtu kuitumia. Sasa tuulizane, wandugu: juu ya nini dosie zetu, zenye kubeba jasho la miaka makumi tatu, tunaziacha ndani ya ordinateri moja?

Tunasema hivi kwa sababu yametukuta sisi wenyewe. Sisi ni kamati ya wastaafu na wajane wa mtaa mmoja hapa Lubumbashi. Muda wa miaka miwili tulipita nyumba kwa nyumba, tukakusanya karti za kazi, fishi za malipo, barua za kuajiriwa, vyeti vya ndoa na vya kifo. Tukapeleka yote kwenye sekretaria publiki, wakaiskani, kisha wakatuandikia liste: jina, numero ya kazi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Makaratasi tukayarudisha kwa wenyewe. Kazi yote ikabaki ndani ya ordinateri ya mwandishi wetu.

Siku moja masini ikajaa virusi. Kijana wa mtaa akaombwa kuisafisha, naye akafanya aliyoyajua: akaformati diski, akatia Windows mpya. Jioni tunatafuta liste: haiko. Mwandishi akasema, "Musiogope, nilifanya kopi." Ni kweli, kopi ilikuwako: ndani ya masini ileile, kando ya ile ya kwanza. Na flashi? Wiki moja mbele ya pale iliazimwa, ikafutwa, ikatiwa nyimbo za kilio.

Tukarudi kugonga milango. Nyumba moja mchwa walikuwa wamekula karti. Nyumba nyingine mama alikuwa amekwisha kufariki, na watoto hawakujua makaratasi yalienda wapi. Mjane mmoja alituonyesha fishi za bwana wake: mvua iliingia kwa bati, wino wote ukatoka. Akatuuliza tu, "Si nyinyi muliniambia mumeziweka salama?" Hatukuwa na jibu. Kosa si la yule kijana. Kosa ni letu.

Watu wengi wanafikiri faili inapotea juu ya wezi. Wezi wako, lakini mara nyingi ni mkono wetu wenyewe: tunafuta bila kusoma, tunaandika dosie mpya juu ya ile ya zamani. Au umeme unakatika, unarudi na nguvu, diski inaungua. Au simu inaanguka ndani ya maji.

Na haya hayapati wadogo peke yao. Mwaka 1998, huko Marekani, wafanyakazi wa Pixar walikuwa wakitengeneza filamu Toy Story 2. Mtu mmoja akatia amri ya kufuta, na sehemu kubwa ya filamu ikaondoka. Kampuni ilikuwa na kopi za akiba, lakini walipozifungua wakakuta hazifanyi kazi vizuri. Kilichowaokoa ni mama mmoja wa kazi, Galyn Susman: alikuwa amezaa, akawa anafanyia kazi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na kopi yake. Tujifunze mambo mawili. Kopi isiyofunguliwa na mtu haijulikani kama ni kopi. Na kopi yenye kuokoa ni ile iliyo mbali na masini ya kwanza.

Wenye kazi ya ordinateri wako na kanuni moja nyepesi: kopi tatu, juu ya vyombo viwili tofauti, na moja ikae mahali pengine. Kwa kamati yetu tumeifanya hivi: moja ndani ya ordinateri, moja kwenye diski ya nje ambayo haitumiwi kwa kitu kingine, moja kwenye akaunti ya intaneti. Diski haikai kwa mwandishi. Iko kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Kila mwezi watu wawili wanafungua faili mbele ya wengine, na kuhesabu majina. Tena liste inachapwa kwenye karatasi.

Na mtu akifuta kwa bahati mbaya, aache masini palepale. Mara nyingi, zaidi sana kwa flashi na diski za zamani, masini inafuta kwanza jina la faili tu. Maandishi yanabaki mupaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sisi tulitia Windows mpya, tukaendelea kuandika, ndjo tukamaliza kuzika kile fundi angeweza kufukua.

Wengine wanatuambia: pesa ya diski itatoka wapi, na chakula chenyewe ni shida? Tunajibu: tulihesabu tiketi za teksi na pesa za kuskani mara ya pili, ikapita bei ya diski. Wengine wanasema, tuma yote kwa grupu ya WhatsApp, inatosha. Hapana. Karti ya mtu na numero yake si vitu vya kutembeza mbele ya watu mia mbili. Matapeli wanasoma pia.

Wale walioondoka Gécamines mwaka 2003, watu zaidi ya 10.000, wanajua uzito wa karatasi yenye kuonyesha miaka ya kazi. Wachimbaji wa mkono walio ndani ya koperative watajua vilevile siku watakapoulizwa nani alikuwa memba na tangu lini. Kwa hiyo, kwenye mkutano wenu wa kwanza, kabla ya kuongea habari ya michango, muulize delege wa sendika au prezida wa koperative maulizo mawili: kopi ya pili iko wapi, na nani aliifungua mara ya mwisho? Kama anaanza kutafuta maneno, musitoke pale mupaka ifanywe.

Yule mjane, tulimpata ndugu mmoja aliyefanya kazi pamoja na bwana wake, akakubali kutoa ushahidi. Dosie yake imeanza upya. Ni miaka miwili tumemula, naye hana miaka mingi ya kupoteza.