Kailo: sikio likiacha kuvuma, halijapona

Katika machimbo ya kasiterite ya Kailo, jimboni Maniema, ni rahisi mchimbaji kuamini kwamba sikio lililovuma jioni na kutulia asubuhi limepona. Wataalamu wanasema sivyo. Kila sikio lina chembe za kusikia zipatazo 15.000, kelele kubwa huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba hata usikivu ukirudi, viungio vingi kati ya chembe hizo na mishipa ya fahamu huwa vimeharibika kabisa. Vizibo vya masikio ni bei ndogo kuliko uziwi. Koperativi zivigawe pamoja na nyundo, na SAEMAPE, inayowasimamia wachimbaji wadogo, ihakikishe vinavaliwa.