NYUMBA SI SHAURI LA CHAMA? NANI ASEMAYE?

Ndugu Wafanya Kazi,

Wako wenzetu wanaosema katika mikutano ya tawi kwamba habari za kuuza na kununua nyumba hapa Mombasa, katika Mji wa Kale na Majengo, si shauri la Chama. Wanasema Chama ni cha mishahara. Nyumba ni mali ya mtu na jamaa zake, basi kila mtu na auze apendavyo. Maneno haya ni matamu masikioni lakini yana hatari, nami nataka kuyapinga wazi wazi.

Asemaye hivyo amesahau tulikotoka. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, jambo moja kubwa walilodai lilikuwa posho ya nyumba. Januari 1947 watu wapata 15,000, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyingine, waliacha kazi siku kumi na mbili, wakawa wakikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Walilia mishahara midogo na ughali wa mji, na kodi ya chumba ilikuwa sehemu ya ughali huo. Hata Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba au posho ya kupangia nyumba. Tena Sheria ya 2024 imeweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Ikiwa Serikali yaijua njia itokayo kwenye mshahara wetu kwenda kwenye nyumba, sisi twajifanya hatuioni?

Basi tuitazame mali yenyewe. Nyumba ya Majengo mwaijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Nyumba moja hukaa jamaa sita. Lakini nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Aliyejenga alipanga kiwanja tu, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja. Hizi ndizo nyumba bila ardhi. Ukinunua nyumba ya namna hii umenunua kuta, milango na mabati; mchanga ulio chini haumo katika bei. Dalali hakwambii hayo. Yeye hukuonyesha chumba na kodi utakayopokea, akachukua fungu lake akaenda zake. Mwenzetu mmoja alitoa kiinua mgongo chake chote kwa nyumba kama hiyo. Baadaye mwenye ardhi akauza kiwanja kwa tajiri atakaye kujenga ghorofa, na mwenzetu akaambiwa achukue mabati yake aondoke. Wapangaji nao wakatoka pamoja naye. Je, hilo si shauri la mshahara? Miaka thelathini ya mshahara ilikuwa ndani ya kuta zile!

Katika Mji wa Kale hila ni nyingine. Kule nyumba nyingi ni za urithi, za mawe ya matumbawe na boriti, na warithi ni wengi, wengine wako mbali. Dalali humtafuta mmoja mwenye deni, akampa arubuni, akatia saini. Ndugu wakianza kugombana, yeye hungoja bei ishuke. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mjue kwamba mrithi mmoja hawezi kuuza fungu la wenzake. Mjue kwamba mali ya wakfu si ya kuuzwa na jamaa. Mjue tena kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yalinda majengo ya kale yaliyotangazwa, wala huwezi kuyabomoa au kuyageuza bila kibali. Kwa hiyo akwambiaye, “Nunua, utabomoa ujenge ghorofa,” anakuuzia fitina.

Wataniuliza, “Je, maskini azuiwe kuuza nyumba inayovuja?” La, hasha! Kutengeneza paa na kupiga chokaa ni gharama kubwa, na mwenye shida hali sifa za mji wa zamani. Auze, lakini akijua auzacho, na kwanza awaulize wanaokaa ndani kama wanaweza kununua. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Yeye alikataa kumwuzia mfalme urithi wa baba zake, akapotezwa kwa barua na mashahidi wa uongo. Siku hizi nguvu za mfalme hazihitajiki; karatasi moja usiyoisoma yatosha.

Kwa hiyo naleta mambo manne mbele ya tawi:

1. Mwanachama asilipe hata senti kabla ya kutafuta habari katika ofisi ya ardhi. Aulize: jina la nani limeandikwa? Yauzwa nyumba peke yake, au nyumba pamoja na ardhi?

2. Warithi wote, na mume au mke, wakubali kwa maandishi mbele ya wakili.

3. Bei ya kweli iandikwe. Dalali husema iandikwe ndogo ili kukwepa ushuru wa stempu, ambao mjini ni shilingi nne katika kila mia. Siku ya kudai fedha zako, karatasi ile ile itashuhudia kwamba ulilipa kidogo.

4. Chama cha akiba na mikopo kisimkopeshe kila mtu peke yake hata tukapandishiana bei. Kiwakopeshe wapangaji wa nyumba moja wanunue kwa pamoja, nyumba na ardhi yake.

Mtu mmoja mbele ya dalali ni mteja tu. Watu sita wenye wakili na fedha mkononi ni kitu kingine, na dalali alijua jambo hili kabla yetu. Ndiyo maana hupenda kuja mlango kwa mlango, usiku, akasema, “Usimwambie mtu.”

Waambieni watu! Wenye habari za nyumba inayotaka kuuzwa wazilete kwa Katibu wa Tawi kabla ya mkutano ujao, nasi tupige kura juu ya mambo haya manne.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu,
Mfanya Kazi wa Reli, Mombasa