Anga la Fizi Linataka Mashahidi

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1987, katika kituo cha Las Campanas kilichopo milimani Chile, msaidizi wa zamu aitwaye Oscar Duhalde alitoka nje, akainua macho, akaona nyota mahali ambapo hapakuwa na nyota. Mwenzake Ian Shelton aliinasa kwenye picha usiku huohuo. Ilikuwa nyota iliyolipuka ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 160,000, na tangu mwaka 1604 wanadamu hawakuwa wameona nyota ya kulipuka iking'aa kiasi hicho kwa macho matupu.

Wingu hilo linaonekana kutoka Lulimba, kwetu Fizi, mashariki ya Kongo. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, giza likishaingia, hukaa upande wa kusini, doa jeupe ambalo upepo hauliondoi. Ulaya halionekani kabisa. Nyota ya 1987 iliendelea kuongeza mwanga hadi mwezi wa tano, na muda wote huo ilikuwa juu ya Lulimba, Lubondja, Fizi na Baraka. Huenda mvuvi, mlinzi wa shamba au mama aliyetoka uani usiku aliiona akashangaa. Alikuwa na nani wa kumwambia zaidi ya jirani? Hapakuwa na njia ya kuifikisha habari hiyo mbali, na jirani naye alikuwa na mambo yake.

Tumeandaa toleo hili kwa sababu njia hiyo sasa ipo. Simu zimefika Lulimba, na watu wanapandisha mtandaoni kila kitu: harusi, mazishi, mpira, mahubiri, mzigo wa ndagala ulioshushwa asubuhi. Tunaomba anga nalo lipandishwe. Tena tunaomba lipandishwe kwa namna fulani, kwa sababu mapenzi ya nyota yasiyoandikwa tarehe na saa hayamfikishi mwenzako popote.

Kwanza tujue tulicho nacho. Lulimba iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta. Mtu aliye hapo, akivumilia mwaka mzima, anaona karibu nyota zote za anga la kaskazini na zote za kusini. Mwezi wa tano jioni anaweza kugeuka kaskazini akaona Dubu Mkubwa, kisha akageuza mwili tu, akauona Msalaba wa Kusini na kando yake Alfa Kentauri, nyota pacha ambazo pamoja na mwenzao mdogo ndizo jirani wa karibu kabisa wa jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4 na kitu. Mtu wa London hawezi. Mtu wa Cape Town naye Dubu huyo humpata nusunusu. Halafu kuna giza. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Fabio Falchi walichapisha ramani ya mwanga wa taa duniani, wakaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa mahali wanapoishi. Ulaya ni asilimia 60 ya watu, Amerika ya Kaskazini ni karibu 80. Sisi tunaulalamikia ukosefu wa umeme, na tuna haki, maana zahanati inataka taa na mtoto anataka kusoma. Lakini wakati tunaungoja umeme, juu ya paa la kila nyumba ya Lulimba kuna kitu ambacho watu wa miji mikubwa hupanda ndege kwenda kukitafuta.

Katikati ya Njia ya Maziwa, sehemu yake nene na yenye mwanga mwingi, hupita karibu na utosi kwetu mwezi wa saba, mnamo saa nne usiku. Ni majira ya kiangazi, mawingu hakuna. Msomaji ajue pia kwamba huo ndio wakati wa kuchoma mapori, na moshi hufifisha nyota zilizo chini karibu na milima. Anayetaka anga safi kabisa asubiri mvua za kwanza za mwezi wa tisa zilioshe, kisha atoke usiku wa kwanza usio na mawingu. Mambo kama haya hayamo katika vitabu vilivyoandikwa Paris au Boston. Yanajulikana na anayeishi hapa, na yeye ndiye wa kuyasema.

Wala hatuanzi leo. Kule Baraka, mvuvi wa ndagala huujua mwezi kuliko mtu yeyote. Kazi yake ni ya giza: taa juu ya maji huvuta wadudu wadogo wa majini, na ndagala hufuata. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa hupoteza nguvu. Basi siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na sokoni bei hupanda. Mama anayenunua samaki Baraka anaweza kukuambia umri wa mwezi bila kutoka nje. Mkulima naye ana Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho hutoweka magharibi mwezi wa tano mvua zinapoisha, kikachomoza tena alfajiri mwezi wa sita kiangazi kikiwa kimeingia. Na Waislamu wa Fizi, kama wenzao wa pwani na wa Kasongo, huutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani upande wa magharibi jua likishatua, na habari ya kuonekana kwake, ambayo zamani ilisafiri kwa miguu, leo inasafiri kwa simu usiku uleule.

Tena kuna mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliuchimbua mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Una safu tatu za alama zilizochanjwa kwa uangalifu: mbili zina jumla ya alama 60 kila moja, ya tatu 48. Mtafiti Alexander Marshack alidai kwamba ni hesabu ya siku za mwezi, na kweli miezi miwili ya kuandama ni siku 59. Wengine wanampinga, na sisi tunaona kwamba dai lake halijathibitika. Lakini aliyechanja alama zile alifanya jambo tunalolililia hapa: alihesabu kitu, kisha akaacha kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuishika na kuibishia. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Wasafiri wa Kiingereza nao walilisoma anga letu. Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na Cameron baada yao mwaka 1874, walibeba ala za kupima jua, mwezi na nyota ili wajue wako wapi duniani. Ghuba iliyo mbele ya Baraka, nyuma ya rasi ya Ubwari, bado inaandikwa kwenye ramani kwa jina la Burton. Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewatumikia, alisafiri na wote watatu, na bila shaka mara nyingi alisimama karibu wakati ala zile zikielekezwa juu. Vipimo vyao tunavyo, vimechapishwa. Aliyoyajua Bombay kuhusu nyota za njia ile hatunayo.

Sasa tuitazame simu. Kinachosambaa zaidi kuhusu anga katika makundi yetu ya WhatsApp ni uongo. Kila mwaka, mwezi wa nane ukikaribia, hurudi ujumbe kwamba Mirihi itaonekana kubwa sawa na mwezi. Habari hiyo ilizaliwa mwaka 2003, Mirihi ilipokaribia dunia kuliko kawaida tarehe 27 Agosti, na hata siku hiyo ilionekana kama nukta tu. Kuna ule mwingine unaowaamuru watu wazime simu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu usiku, eti miale kutoka Mirihi itapita. Mtu anautuma kwa mapenzi, kuwalinda jamaa zake, na megabaiti alizonunua kwa shida zinakwisha kwa kueneza hofu. Tangu mwaka 2019 imeongezeka misururu ya taa inayopita angani kwa mstari mmoja, na kila ikipita husemwa ni ndege za vita au dalili ya mwisho wa dunia. Ni setilaiti za Starlink, zilezile ambazo tangu mwezi wa tano 2025 zina kibali cha kuuza intaneti Kongo. Wanafalaki wana malalamiko ya haki juu yake, kwa kuwa zinachora mistari kwenye picha za darubini. Familia iliyo kijijini inahitaji tu kuambiwa ni nini, na jirani inayemwamini.

Tiba ya uongo huu ni shahidi. Mtu akiandika: Lulimba, tarehe fulani, saa mbili usiku, upande wa mashariki, nyota nyekundu isiyometameta chini ya Kilimia, ameandika kitu ambacho aliye Baraka anaweza kutoka akakikagua usiku huohuo. Picha mia moja za rangi zilizochukuliwa na darubini za Wamarekani ni nzuri, tunazipenda, lakini haziwezi kukaguliwa na yeyote kati yetu. Na tusidhani jicho tupu halina kazi tena katika sayansi. Mwishoni mwa mwaka 2019 Betelgeuse, ile nyota nyekundu begani mwa Orioni, ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imeshuka hadi kukaribia kulingana na jirani yake Bellatrix. Watu wa kawaida, bila darubini, walikuwa wakizilinganisha nyota hizo usiku baada ya usiku na kutuma makadirio yao kwa chama cha waangalizi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911. Baadaye ilionekana kwamba nyota ilikuwa imetapika gesi na vumbi likaifunika. Orioni hupita karibu na utosi kwetu. Kazi ile ingeweza kufanyika Misisi, kwenye kibaraza.

Majirani wametangulia. Tarehe 1 Septemba 2016, kivuli cha mwezi kilipopita kusini mwetu na kuvuka Tanzania, watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kuiona pete ya jua, baada ya Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kuhimiza na kueleza kwa muda mrefu. Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen wamekuwa wakibeba darubini hadi shule za vijijini. Kwetu hata darubini si sharti. Stellarium ni programu ya bure, nayo humwonyesha mtu anga la mahali alipo.

Tunajua kinachomzuia msomaji wa Lulimba, nacho si ukosefu wa vifaa. Usiku wetu umekuwa wakati wa hofu kwa miaka mingi. Makundi yenye silaha hutembea usiku. Mwanga wa simu kilimani unaweza kumletea mtu balaa. Na anayesimama peke yake gizani ameinua kichwa anaweza kuitwa mchawi, na watu wameumizwa kwa tuhuma hizo. Hatumwombi yeyote apande mlima. Atazame uani kwake, pamoja na watoto na majirani, simu ikiwa imefunikwa, na asubuhi awaeleze wengine alichokuwa akifanya. Watano wakitazama pamoja, hakuna wa kunyooshewa kidole. Kama usiku si salama, asitoke, anga litakuwepo kesho.

Kuna jambo moja linalotugusa zaidi ya yote. Fizi ya leo haiko Fizi peke yake. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliovuka ziwa, wengi wao watu wa huku, na kutoka huko maelfu wamehamishiwa Marekani. Mtoto aliyezaliwa Marekani huenda hajawahi kuiona Njia ya Maziwa, na Msalaba wa Kusini hauchomozi kabisa katika sehemu kubwa ya nchi ile. Bibi yake aliyebaki Lulimba anauona. Lakini Orioni na Kilimia wanaviona wote wawili, saa saba au nane zikipishana. Tarehe 14 Machi 2025 mwezi ulipatwa wote Marekani, na hapa ulikuwa umeshatua. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo ikawa zamu yetu: kivuli kilianza kuula mwezi saa kumi na mbili na dakika 27 jioni, ukawa mwekundu kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na dakika 52 usiku, na Marekani hawakuona chochote isipokuwa tulichowatumia.

Tarehe 28 Agosti 2026 mwezi utapatwa tena, safari hii karibu wote, na utaonekana pande zote mbili kwa wakati mmoja. Lulimba na Baraka kivuli kitaingia muda mfupi baada ya saa kumi na nusu alfajiri, mwezi ukiwa magharibi, nao utatua karibu wakati ule ule unapofunikwa zaidi. Nyarugusu saa zao zitasoma kumi na moja na nusu. Mashariki ya Marekani itakuwa bado tarehe 27, saa nne na nusu usiku. Wapigie simu jamaa zako kabla ya siku hiyo, mtazame pamoja, kisha kila mmoja aandike mambo manne: mahali alipo, tarehe, saa, na alichokiona, hata kama ni mawingu tu. Tutumieni. Tutachapisha ushuhuda wa kila mtu utakaokuwa na manne hayo, kwa Kiswahili alichouandikia.