Lugha ya Wimbo na Lugha ya Adabu

Mama mmoja ametujia na dukuduku: bintiye anajifunza Kikorea kwa nyimbo za vijana wa Seoul. Je, amkataze?

Njia hiyo hatuidharau. Sisi wenyewe tulihifadhi kasida za Kiarabu chuoni kabla ya kuzifahamu. Sauti ilitangulia, maana ikafuata. Binti akiimba atazoea matamshi, na atatambua kwamba kitenzi cha Kikorea hukaa mwisho wa sentensi: "mimi wewe napenda", ndio mpangilio wao.

Lakini wimbo una upungufu wake. Mwimbaji husema na mpenzi au rika lake; kwa hivyo mara nyingi humwita neo, yaani "wewe", na kitenzi hukiacha bila ya heshima: saranghae, nakupenda. Mkubwa haambiwi hivyo. Huambiwa saranghaeyo, au saranghamnida panapotakiwa heshima zaidi. Wala haitwi "wewe", bali huitwa kwa nafasi yake: eomeoni, mama, seonsaengnim, mwalimu. Je, si ndivyo tunavyowafunza wanetu?

Basi mama asimkataze. Ampe daftari, aandike kila neno alilolipata wimboni, na ubavuni mwake namna ya kumwambia mkubwa. Kisha jioni aketi naye, amwulize maana ya anachokiimba. Akishindwa kueleza, bado hajajifunza, ameimba tu. Na akiona haya kueleza, hapo mama atajua ni wimbo gani wa kuuacha.